Magunia Manne ya Mama Bujiku

Simu iliita saa nne asubuhi, meza ya Noela ikiwa imejaa karatasi za malori. Aliibana begani, kalamu bado mkononi.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Noela, nijibu kitu kimoja tu, halafu uendelee na kazi za watu. Maharage mwaka huu yamepanda bei au hayakupanda?"

"Yamepanda. Miaka mitatu iliyopita gunia lilikuwa laki na themanini. Sasa ni laki mbili na elfu kumi."

"Na mzigo unaovuka mpaka?"

"Umepungua. Katika kila magunia matano, moja halionekani tena."

"Linakwenda wapi?"

"Ofisini wanasema ni magendo. Watu wanayapitisha njia za porini."

 Upande wa pili kuku alisikika, na mtu akitwanga kitu mbali.

"Basi," alisema Justa, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata shauri. "Serikalini gunia moja kati ya matano linaibwa, na kwangu vilevile. Tofauti ni kwamba mimi mwizi wangu nimemjua. Jumamosi kaka yake anakuja kumchukua."

"Kumchukua nani, mama mkubwa?"

"Mke wa Bujiku. Nani mwingine?"

Simu ikakatika. Noela akabaki ameishika, akiangalia karatasi zake kana kwamba zimemtukana.

Alikuwa na shahada ya takwimu na mkataba wa miezi sita katika ofisi ndogo pale Isaka. Kazi yake ilikuwa kukusanya habari za mazao yaliyokuwa yakielekea magharibi, Rwanda, Burundi na Kongo: yametoka kiasi gani na kwa bei gani, mwaka hadi mwaka. Wenzake aliosoma nao waliicheka kazi hiyo. Yeye aliipenda. Aliamini kwamba mkulima akijua ukweli wa soko hawezi kuonewa, na kwamba ukweli huo unaweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, akausoma mtu yeyote. Wiki mbili nyuma alikuwa ameuandika ukurasa huo: bei imepanda, mzigo umepungua. Mkuu wake, Bwana Magesa, aliusifia mbele ya watu.

Na sasa maneno hayohayo yalikuwa yanataka kumfukuza Limi kwenye nyumba ya mumewe.

Limi alikuwa mke wa Bujiku, mtoto pekee wa Justa, na tangu mwezi wa pili Bujiku alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu huko Geita, ambako simu yake ilishika siku moja na kupotea kumi. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamekwisha kutolewa. Kwa hiyo Limi akirudishwa kwao Kolandoto angerudi mikono mitupu, na binti yake Blessing, mwenye mwaka mmoja na nusu, angebaki kwa baba yake. Hilo hakuna aliyehitaji kulisema kwenye simu.

Ijumaa Noela aliomba ruhusa na kwenda Runzewe.

*

Alimkuta Justa kibarazani anapepeta mchele, na Limi jikoni, amewapa mgongo. Blessing alikuwa ameketi katikati ya ua, akiwatazama kwa zamu mama na bibi.

"Karibu, mtu wa Isaka," alisema Justa. "Umekuja kuangalia mwizi anavyofanana?"

"Mama mkubwa, taratibu, anasikia."

"Nataka asikie. Sijamsema chinichini hata siku moja. Nimemsema hapa hapa, uso kwa uso."

Limi alitoka na bakuli la uji, akapiga goti kumpa mgeni. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini ulimi ulikuwa mzima. "Karibu, wifi. Uhesabu na vijiko kabla hujaondoka, visije vikapungua."

"Unamsikia?" Justa akadakia. "Unamsikia?"

Noela alijaribu kufanya alichofundishwa. Akauliza maswali. Shamba ni lilelile? Lilelile, ekari nne, bondeni. Mbegu? Ileile. Mvua? Nzuri, kama miaka yote. Wadudu? Hapana. Nani anajaza magunia? Limi na Justa wenyewe, kwa ungo, mpaka mdomoni, halafu dalali anakuja kushona. Kwani hawapimi kwa debe? Justa akamshangaa. Debe la nini, wakati gunia linajipima lenyewe?

"Mwaka ule kabla huyu hajaolewa nilipata magunia ishirini," alisema Justa, akikunja kidole. "Mwaka alioingia, kumi na nane na kidogo. Uliofuata, kumi na saba. Mwaka huu kumi na sita. Haya, msomi, niambie. Shamba halikubadilika, mvua haikubadilika. Ni nini kilichobadilika katika nyumba hii?"

 Chuoni Noela alifundishwa kwamba vitu viwili vikienda pamoja, si lazima kimoja kiwe kimeleta kingine. Aliijua sentensi hiyo kwa moyo. Lakini ukimwambia mtu hivyo, lazima uwe na sababu nyingine ya kumpa, na yeye hakuwa nayo.

Alikwenda stoo akahesabu mwenyewe. Magunia kumi na sita meupe ya salfeti, yale ya nyuzi za plastiki, yamepangwa ukutani, midomo yake imefungwa kwa kamba tu, yakimsubiri mshonaji. Akahesabu kutoka kushoto, kumi na sita. Kutoka kulia, kumi na sita. Akatoka nje na vumbi puani, haelewi alichotarajia kukipata.

"Wifi," alisema Limi nyuma yake, kwa sauti ndogo sasa. "Wewe unaniamini?"

"Nakuamini."

"Basi yako wapi?"

Lilikuwa swali la kweli. Limi mwenyewe alikuwa haelewi. Alisema alianza hata kujitilia shaka. Wiki iliyopita aliamka akaenda kuangalia chini ya kitanda chake mwenyewe, kama mjinga, asije akawa anaiba usingizini.

*

Jumamosi asubuhi alianza kuja Enock, dalali wa maharage, mwanamume mnene mwenye maneno mengi, ameshika sindano ndefu na uzi, furushi la magunia mapya begani. Justa alikuwa amemwita awe shahidi, kwa kuwa ndiye aliyeshona magunia yake miaka yote.

"Mama Bujiku, mimi nimekuja kushona, kumbe nimekuja mahakamani!"

"Kaa hapo. Utaulizwa."

"Niulizwe tu, lakini na mimi nina langu. Mimi mnunuzi ananilipa kwa gunia. Zamani kijiji hiki kilinipa magunia elfu moja, mwaka huu sijafikisha mia nane. Nyie akina mama mna dalali mwingine mnayemficha, semeni tu!"

Baadaye akafika Mageni, kaka yake Limi, kwa pikipiki ya kukodi kutoka stendi, suruali imejaa vumbi jekundu. Alimsalimia Justa kwa heshima, akakataa chai. Alikaa kwenye ncha ya kiti kama mtu ambaye hakutaka kiti kile kimzoee.

"Mama, tumeitwa, tumekuja," alisema. "Kama dada yangu ni mwizi, tuonyesheni alichoiba."

"Aliyeiba haachi kitu cha kuonyesha," alijibu Justa. "Kinachoonekana ni pengo. Mwulize huyu, anafanya kazi ya takwimu. Noela, mwambie ulivyoniambia."

Wote wakamgeukia.  Noela akasema kwamba ni kweli, katika mkoa mzima bei imepanda na magunia yamepungua kwa moja ya tano. Alitaka kuongeza kwamba hilo halimhusu Limi, lakini Mageni alikuwa amekwisha kuinamisha kichwa, na Justa amekwisha kuitikia kwa "umesikia," na maneno yake yakabaki yamening'inia.

Kabla mtu hajasema tena, Limi aliita kutoka stoo. Panya walikuwa wametoboa gunia moja kwa chini, na maharage yalikuwa yanatiririka sakafuni.

"Yahamishie kwenye lile la katani," Justa aliamuru kwa ukali. "Lipo nyuma ya mlango. Angalau kabla hujaondoka ufanye kazi moja kwa uaminifu."

Limi akalivuta lile gunia la zamani la katani, la miaka ambayo watu wa kijiji walijinunulia magunia wenyewe dukani. Yeye na Mageni wakalileta uani pamoja na lile lililotobolewa, kwenye mwanga, mbele ya wote. Mageni akashika mdomo wa gunia, Limi akawa anachota kwa ungo. Walichota kwa muda mrefu. Gunia la katani likajaa, likafika mdomoni, Limi akalitikisa, likafika tena mdomoni.

Kwenye lile la salfeti bado kulikuwa na maharage.

Limi akaliinamia. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Akautoa polepole, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshika nyoka.

"Yamebaki," alisema.

"Yamebaki nini?"

"Maharage, mama. Yamebaki mengi."

Justa aliinuka kwa kasi mpaka ungo wake ukaanguka. "Aaa! Mnaona? Mnaona wenyewe? Kaka yake amekuja, ameona aibu, ameanza kurudisha!"

"Nirudishe kutoka wapi, mama? Umenitazama mikono tangu asubuhi!"

"Sijui! Wewe ndiye unayejua njia zako!"

Mageni alikuwa amesimama, mishipa ya shingo imemtoka. "Mama, kwa heshima zote, akipunguza ni mwizi, akizidisha ni mwizi. Huyu mtoto afanye nini katika nyumba hii?"

Enock alikuwa anacheka, halafu akaacha kucheka. Alilitazama gunia la katani, akalitazama la salfeti, akakuna shingo. "Jamani," alisema, "mbona hili gunia limezaa?"

 Noela akachuchumaa kati ya magunia yale mawili. Gunia moja ni kilo mia. Hivyo ndivyo mwongozo wa ofisi ulivyosema, na hivyo ndivyo alivyoandika. Maharage hayawezi kuongezeka kwa kuhamishwa. Basi mojawapo ya magunia haya mawili lilikuwa linasema uongo, na yote mawili yalikuwa yamejazwa usawa wa mdomo tu, bila kichwa cha nyongeza juu.

"Debe," alisema. "Mama mkubwa, una debe?"

Debe likapatikana, la mafuta ya kula, lenye kutu kwenye masikio. Wakamwaga yote kwenye turubai na kuanza upya, Limi akipima, Mageni akihesabu kwa sauti, Justa akiwa amewasimamia kwa karibu kiasi kwamba kivuli chake kilifunika debe. Gunia la katani lilimeza madebe sita, likajaa. La salfeti, walipolifunga tundu kwa kitambaa na kulijaza, lilimeza sita, likataka la saba, likameza la saba, na bado likapokea nusu.

"Rudia," alisema Justa.

Wakarudia. Saba na nusu.

Noela akayachukua magunia mawili matupu, moja la salfeti kutoka kwenye furushi jipya la Enock, jingine la katani, akayalaza chini, moja juu ya jingine. La salfeti lilizidi kwa kiganja na vidole juu, na kwa vidole vitatu kila ubavu. Limi alikimbia nyuma ya nyumba, akarudi na pazia la bafuni, ambalo lilikuwa gunia la mwaka juzi lililokataliwa kwa sababu ya tundu. Lilikuwa katikati: refu kuliko la katani, fupi kuliko la mwaka huu.

"Haya magunia anayaleta nani?" aliuliza Noela.

"Mnunuzi," alisema Enock. "Kutoka ng'ambo ya mpaka. Anatupa bure, tangu ile miaka mitatu. Sisi tukasema mtu mwema huyo." Akakaa chini kwenye turubai, katikati ya maharage. "Mwaka ule tulikaa kikao kijiji kizima. Tukasema lumbesa basi, hatuongezi kichwa juu ya gunia, tunashona usawa wa mdomo. Mnunuzi akakubali siku hiyohiyo, hata hakubishana. Tukapiga makofi!"

"Mkashona usawa," alisema Mageni.

"Tukashona usawa. Usawa wa gunia linalokua." Akahesabu kwa vidole, akaacha katikati. "Na mimi ninalipwa kwa gunia. Jamani, hata mimi! Nimegombana na wanawake wa kijiji kizima."

Hapo ndipo Noela alipozikumbuka tani thelathini. Kila lori lilikuwa na karatasi mbili, moja ya idadi ya magunia, nyingine ya mizani ya barabarani. Zamani lori lilibeba magunia mia tatu na mizani ikaandika tani thelathini. Mwaka huu lori lilibeba mia mbili na arobaini, na mizani ikaandika tani thelathini zilezile. Wakati ule Noela aliwaza kwamba watu wa mizani ni wavivu, wananakili tani za zamani. Akazifuta zao na kuandika tani ishirini na nne, kwa mkono wake, lori baada ya lori, kwa siku tatu, akijisifu moyoni kwa uangalifu wake.

Mzigo haukupungua hata kidogo. Hapakuwa na magendo. Hapakuwa na mwizi.

"Mama mkubwa," alisema Noela. "Nilikosea mimi. Yale niliyokwambia kwenye simu si kweli."

"Yapi? Kwamba bei imepanda?"

"Ndiyo. Hapana. Kwa gunia imepanda, lakini kwa kilo..."

"Sasa bei imepanda au imeshuka?"

"Kwa gunia imepanda, kwa kilo imeshuka, na mzigo ni uleule, isipokuwa..."

"Nyamaza kwanza," alisema Justa, akishika kichwa kwa mikono miwili. "Unanichanganya zaidi ya panya."

Ni Limi aliyeketi chini, akavuta debe mbele yake. Hakumtazama mkwewe. Alisema nalo debe, kama mtu anayesema na mtoto.

"Zamani mama aliuza debe elfu thelathini. Sita, laki na themanini. Sasa gunia ni laki mbili na kumi, lakini ndani kuna madebe saba na nusu. Ukigawanya, debe moja ni elfu ishirini na nane." Akaligonga debe kwa kidole. "Madebe ya mama yalikuwa mia moja na ishirini mwaka ule. Mwaka huu, magunia kumi na sita, saba na nusu kila moja, ni mia moja na ishirini. Hakuna hata kikombe kilichotoka humu."

 Blessing alikuwa amejitupa kwenye turubai na kuanza kujimwagia maharage tumboni, akicheka peke yake.

*

Noela alikwenda nyuma ya nyumba kumpigia Bwana Magesa. Alimweleza harakaharaka, akijikwaa: magunia, mizani, tani alizozifuta. 

"Ule ukurasa umeshakwenda Shinyanga," alisema mkuu wake. "Watu wamekaa kikao juu yake. Wameanza kupanga watu wa kulinda njia za porini."

"Najua. Niandike barua mimi, niseme nilifuta uzito wa kweli."

"Unajua mkataba wako unaisha mwezi ujao?"

"Najua hilo pia."

"Njoo Jumatatu," alisema Magesa, na Noela hakuweza kujua kama sauti ile ilikuwa ya hasira au ya uchovu. "Njoo na vipimo vya hayo magunia. Vyote vitatu."

Aliporudi uani alimkuta Enock amekwisha kuondoka, akikimbilia nyumba nyingine na debe la kuazima, na Mageni amesimama kando ya mfuko wa nguo wa dada yake, hajui aushike au auache. Limi alikuwa amemfunga Blessing mgongoni. Justa alikuwa bado kwenye turubai. Ghafla alionekana mdogo.

"Mke wa Bujiku," alianza, akakwama. "Mama Blessing. Mimi..." Akaokota maharage matatu, akayatazama kiganjani. "Miaka mitatu nimekukodolea jicho kila unapoingia stoo. Sikujua kwamba ninakukasirikia wewe kwa kosa la gunia. Sasa nifanyeje?"

"Sijui, mama."

"Hata mimi sijui."

"Mimi nakwenda kwetu na kaka," alisema Limi.

Justa akainua uso haraka. Noela alikuwa amedhani ukweli ukishajulikana, kila kitu kitarudi mahali pake chenyewe. Alikuwa amelidhani hilo kwa moyo wote.

"Nakwenda kusalimia," Limi akaendelea, kwa utulivu. "Sifukuzwi. Mama yangu amelia wiki nzima, anione kwa macho. Na Blessing nakwenda naye. Na nisiende mikono mitupu. Nataka maharage debe moja, wewe mwenyewe unipimie, kaka yangu akiona."

 Justa akapiga magoti kwenye turubai. Akajaza debe kwa mikono, si kwa ungo, akalisawazisha kwa kiganja. Akalitazama, akaongeza juu mpaka yakaanza kudondoka pembeni, akayamimina kwenye mfuko wa Limi. Halafu, bila kuombwa, akaanza kujaza la pili.

"Moja linatosha, mama."

"La pili ni la mama yako. Umwambie limetoka kwa Justa, na kwamba Justa hajui aseme nini."

Mageni akaubeba mfuko, ukamlemea, akaguna. Limi alipofika kwenye njia, Justa alimfuata mpaka kwenye michongoma, kanga imemlegea begani.

"Utarudi lini?"

"Mnauza lini?"

"Enock anasema mnunuzi anakuja Jumanne ya pili."

"Basi nitakuja Jumatatu," alisema Limi. "Msijaze gunia hata moja kabla sijafika. Debe nitashika mimi. Na mkisikia tu laki mbili na kumi kwa gunia, mseme hapana."

"Akikataa kununua?"

Limi alifikiri. Jua lilikuwa limepanda, na vumbi la pikipiki iliyorudi kuwachukua lilikuwa bado halijatua.

"Hapo sijui," alisema. "Lakini tutakataliwa tukijua tunauza nini."

Akamrekebisha Blessing mgongoni, akapanda nyuma ya kaka yake. Justa alisimama pale mpaka mlio wa pikipiki ukapotelea upande wa barabara kuu. Kisha akamgeukia Noela, paji la uso limekunjamana.

"Twende tukamwage yote kumi na sita," alisema. "Na unieleze tena ile ya elfu ishirini na nane. Polepole. Bado haijaingia."